Kampuni Zilizoita Watu Namba: Historia Fupi ya Silabu, Wenela na Watu Waliozifanyia Kazi

SEHEMU YA 1: SWALI LENU

Nilipoandika kuhusu vipimo vya afya vya vijana wanaokwenda kufanya kazi nje, meseji zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Nyingi zilitoka kwa waliopita kwenye mikono ya mawakala wa ajira. Hizo nilizitarajia. Zilizonikalisha chini ni za watu waliofanya kazi NDANI ya ofisi za hao mawakala.

Mmoja ameandika kwamba kwenye kikao cha asubuhi haulizwi amemsaidia nani, anaulizwa amepeleka wangapi. Mwingine anasema alianza ile kazi na moyo wa kusaidia vijana, baada ya miezi sita akajikuta anawaita watu "mafaili". Faili limekwama. Faili limekataa kusafiri. Faili linalia getini. Wa tatu ameuliza swali ambalo ndilo limezaa uzi huu: "Dada, hivi hizi kampuni zinaajiri watu wasio na utu, au watu wanaingia na utu wao halafu unabaki mlangoni?"

Nimelizungusha sana hilo swali. Mimi si mwanahistoria, ni nesi wa diploma ninayesoma vitabu zamu ya usiku wodi ikitulia. Lakini bahati nzuri nchi yetu na majirani zetu wana historia ndefu ya kampuni za kuajiri watu kwa niaba ya wengine, na ndani yake jibu lipo. Nitaandika sehemu saba. Chukua chai, twende taratibu.

SEHEMU YA 2: KABLA YA KAMPUNI KULIKUWA NA KIPANDE

Kuna mmea mmoja ambao bila huo hadithi hii isingekuwepo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika kwetu baada ya safari ndefu, mizima ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ndipo yakatoka mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe na Morogoro.

Mkonge hauvunwi na watu wawili watatu. Unahitaji watu wengi wa kukata majani yenye miiba, kuyabeba, kuyapeleka kiwandani, kuanika singa juani. (Wa Tanga mnajua kiwanda chenyewe kinaitwa korona, na kiliitwa hivyo miaka mingi kabla ya ile korona ya 2020.) Sasa nani aache shamba lake la mahindi aende kuchomwa miiba kwa ujira mdogo?

Wajerumani walianza na kodi, maana kodi ilitaka fedha na fedha ilikuwa kwa mkulima wa Kizungu. Kodi peke yake haikutosha. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ikaja kadi. Kila mwanaume mwenye nguvu alipewa kadi ya kumfanyia kazi Mzungu siku 30 ndani ya kila miezi minne. Huyo ndiye babu wa kile ambacho wazee wetu walikuja kukiita kipande.

Kwa watu wa mbali, kama Wanyamwezi, walitumwa waandikishaji binafsi. Mwandikishaji alikuwa mtu wa kujitegemea, analipwa na mwenye shamba kwa kila kichwa alichofikisha. Naomba mshike hayo maneno mawili, KWA KICHWA, maana tutarudi nayo mpaka mwisho. Kwa kuwa alilipwa kwa kichwa, mwandikishaji hakuona hasara kumpa jumbe bakshishi ili jumbe amtafutie watu. Jumbe naye hakuona hasara kumtoa yule ambaye hampendi. Shamba lilivyo, kazi ikoje, maradhi gani yako huko, hayo hayakuwa kwenye malipo yake. Akishakabidhi watu, hesabu yake imefungwa.

Sisemi waandikishaji wote walikuwa wabaya. Ninachosema ni kwamba yule mkweli, anayewaambia watu "kazi ni ngumu na homa ni nyingi", alirudi na watu wachache. Muongo alirudi na wengi. Baada ya misimu miwili mitatu, unadhani nani alibaki kwenye hiyo biashara?

SEHEMU YA 3: SILABU

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na zamu mbili mfululizo. Tuendelee.

Turuke hadi Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani walikamata Ufilipino na Indonesia, zilizokuwa zikitoa nyuzi ngumu kwa dunia. Ghafla kamba za meli za Waingereza na wenzao zikategemea mkonge wa Afrika Mashariki, na Tanganyika ndiyo ilikuwa na mwingi. Wenye mashamba walihitaji watu kuliko wakati wowote. Serikali ya kikoloni ilifika mahali pa kuwakamata watu kwa amri na kuwapeleka mashambani.

Mwaka 1944 wenye mashamba, kupitia chama chao, wakaunda ofisi moja ya kuwatafutia watu wote. Ikaitwa Sisal Labour Bureau, kwa kifupi SILABU. Badala ya kila shamba kutuma mwandikishaji wake, wakigombania watu kama daladala zinavyogombania abiria Mbagala, sasa Silabu ingeandikisha kwa niaba ya wote na kuwagawa.

Ilikwenda wapi? Kigoma kwa Waha. Songea kwa Wangoni na majirani zao. Njombe kwa Wabena. Ikavuka hadi Ruanda-Urundi. Ukiangalia ramani utaona kitu. Haya ni maeneo ya pembeni, mbali na mazao ya biashara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioandika kuhusu manamba, Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, walionyesha kwamba hilo halikuwa la bahati mbaya. Mkoa wenye kahawa haukutoa manamba kwa wingi. Mkoa usio na njia nyingine ya kupata fedha ya kodi ulitoa. Kwa hiyo umaskini wa Kigoma ulikuwa na faida kwa mtu fulani.

Na hilo jina je? Manamba ni "namba". Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akaitwa kwa namba. Kazini alipewa kipande cha siku 30, na siku iliandikwa ukimaliza kazi uliyopimiwa. Hujamaliza, siku hiyo haipo. Wapo waliotumia miezi miwili kumaliza siku 30.

Sasa kitu ambacho wengi hawakitegemei. Silabu ilikuwa BORA kuliko waandikishaji wa zamani. Watu hawakuachwa tena watembee wiki na wiki porini. Walisafirishwa kwa lori na kwa gari moshi la reli ya kati, kisha kwa barabara kuelekea Tanga, maana reli ya kati na ya Tanga hazikuunganishwa mpaka 1963. Njiani kulikuwa na kambi, chakula, blanketi na dresa wa kutibu vidonda. Kama nesi lazima niseme ukweli, hayo ni maendeleo.

Lakini jiulize kwa nini. Mtu akifia njiani, gharama ya kumwandikisha imepotea. Akifika amekonda, hakati mkonge. Chakula cha kambini kilikuwa sehemu ya kulinda mzigo. Ng'ombe wa mnadani naye hunyweshwa maji kabla ya kuuzwa.

SEHEMU YA 4: WALIOKAA UPANDE WA PILI WA MEZA

Hapa ndipo lilipo swali lenu. Tumezoea kumzungumzia aliyeandikishwa. Vipi kuhusu aliyeshika kalamu?

Tuhame kidogo twende kwenye kampuni kubwa kuliko zote za aina hii Afrika. Mwaka 1900 matajiri wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg, chini ya Chama cha Wenye Migodi, walianzisha Witwatersrand Native Labour Association. Jina refu hilo watu walilikata likawa WENELA. Ilichukua watu Msumbiji, Malawi, Botswana, Zambia, hadi kwetu. Wanyakyusa wa Rungwe wengi wana babu aliyekwenda Wenela. Ilijenga barabara zake porini, ikawa na vivuko mitoni, na baadaye ikawa na ndege zake. Mpaka leo kati ya Zambia na Namibia, karibu na Katima Mulilo, kuna kituo cha mpakani kinachoitwa Wenela. Kampuni imekufa, jina limebaki na bendera.

Ndani ya kampuni kama hii ngazi ilijulikana. Juu kabisa Wazungu wenye mishahara, nyumba na likizo. Chini yao makarani Waafrika waliojua kusoma, wanaoandika jina, kijiji, chifu, alama mwilini. Halafu madereva, wapishi wa kambi, madresa. Na chini kabisa, mbali na ofisi, watu waliozunguka vijijini kwa miguu kuwashawishi vijana. Huyo wa mwisho mara nyingi alikuwa mchimbaji wa zamani, anayewajua watu na lugha yao. Alikwenda kwa jirani zake, kwa watoto wa dada zake.

Tazameni nafasi ya huyu mtu. Malipo yake yalitegemea vichwa. Kijijini ndiye sura ya kampuni: kijana asiporudi, mama mtu haendi Johannesburg kuuliza, anakwenda kwa yule aliyemchukua. Kwa wakubwa zake yeye ni mtu wa kutiliwa shaka, anayedhaniwa kuuza watu kwa kampuni nyingine au kudanganya hesabu. Lawama za kijijini zake, lawama za ofisini zake. Uamuzi wa mshahara wa mgodini, urefu wa mkataba na hali ya bwenini haukumhusu kabisa.

Karani naye hivyo hivyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kumgeuza mtu kuwa mstari kwenye daftari. Ukiandika mistari mia kwa siku, na nyuma ya mgongo wako kuna mtu anayehesabu umeandika mingapi, huwezi kumsikiliza kila mmoja. Ukimsikiliza mmoja, foleni inanuna.

Sasa rudi kwenye ile meseji ya "mafaili". Mwaka 1950 walisema namba, leo wanasema mafaili. Anayesema hivyo hakuzaliwa na roho mbaya. Amekaa kwenye kiti ambacho kila aliyekikalia kabla yake alijifunza kusema hivyo hivyo, kwa sababu na yeye anahesabiwa.

SEHEMU YA 5: FOLENI YA DAKTARI

Sehemu hii nimeiandika kwa uzito, maana inanihusu mimi na wenzangu wa kada ya afya.

Kampuni za kuandikisha watu zilihitaji daktari. Mgodi haukutaka kulipia nauli ya mtu anayekohoa. Kwa hiyo waandikishwaji walisimama foleni, wamevuliwa nguo, mamia kwa wakati mmoja, na daktari akapita mmoja mmoja kwa haraka. Uzito, kifua, macho, endelea. Baadaye ikaongezwa picha ya kifua. Na kwa waliokwenda migodi yenye joto kali chini ya ardhi kulikuwa na chumba maalum cha joto. Watu waliwekwa humo siku kadhaa, saa nne kila siku, wakipanda na kushuka kwenye kijukwaa kwa kufuata mdundo, huku wakipimwa joto la mwili, ili miili yao izoee.

Kitaalamu huwezi kusema ilikuwa upuuzi. Mtu asiyezoea joto anaweza kufa mgodini, na kumzoesha kunaokoa maisha. Tatizo ni swali ambalo kipimo kilikuwa kinajibu. Sisi wauguzi tunafundishwa kipimo ni kwa ajili ya mgonjwa: ana nini, tumsaidie vipi? Kipimo cha foleni ile kilikuwa cha mnunuzi: huyu atafaa kwa muda gani?

Mfano mkubwa ni nimonia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji waliotoka nchi za joto, kaskazini ya nyuzi 22 kusini mwa ikweta, walikufa kwa nimonia kwa wingi kuliko wenzao. Walitoka kwenye joto, wakafika kwenye baridi la Johannesburg, wakalazwa wengi kwenye mabweni yaliyobanana. Mwaka 1911 aliletwa daktari maarufu kutoka London, Almroth Wright, akajaribu chanjo kwa maelfu ya wachimbaji. Vifo havikuisha. Mwaka 1912 Wenela na serikali wakaanzisha taasisi ya utafiti wa tiba Johannesburg. Ndiyo, mmesoma vizuri: kampuni ya kuandikisha vibarua ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi kubwa ya utafiti wa tiba. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku kabisa kuchukua watu wa kaskazini ya mstari ule.

Mwaka huo huo aliitwa William Gorgas, daktari wa Kimarekani aliyesifika kwa kudhibiti homa ya manjano Panama. Ushauri wake ulikuwa wa kawaida kabisa, angeweza kuutoa hata afisa afya wa kata: watu wapewe nafasi zaidi wanapolala, wasirundikwe. Nafasi ni gharama. Chanjo ilionekana njia rahisi, na utafiti wa chanjo ukaendelea chini ya Spencer Lister wa taasisi ile.

Marufuku ilikuja kuondolewa miaka ya 1930. Mwishoni mwa 1932 Afrika Kusini ilibadilisha mfumo wa fedha yake, thamani ya dhahabu ikapaa, migodi ikataka watu wengi zaidi. Ndipo ikaonekana kwamba watu wa nchi za joto wanaweza kuchukuliwa tena.

Wachimbaji hawa wameacha alama hadi kwenye kazi yetu. Miaka ya 1970 daktari Robert Austrian alifanyia majaribio chanjo mpya ya nimonia kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, ikafanya kazi, na mwaka 1977 ikapewa kibali Marekani. Chanjo ya nimonia tunayowachoma watoto kliniki hapa Tanzania tangu 2013 ni ya kizazi kingine, lakini ukoo ni huo. Mama anapomleta mtoto kwa dozi yake, miongoni mwa watu waliolipia maarifa hayo kwa miili yao ni wanaume ambao daftari lao liliwaita namba.

SEHEMU YA 6: WALIBADILISHA MALIPO, IKAWAJE?

Kuna msomaji ameniambia kwenye komenti: "Dawa ni rahisi, wakala alipwe mshahara, asilipwe kwa kichwa." Wazo zuri. Limewahi kujaribiwa.

Ndani ya Afrika Kusini yenyewe, kabla ya 1912, walikuwepo waandikishaji huru wengi na wenye maduka vijijini. Walimpa kijana mkopo wa ng'ombe au fedha, kisha deni likampeleka mgodini. Bei ya kichwa ikapanda, uongo ukapanda. Mwaka 1912 wenye migodi wakaunda kampuni ya pili, Native Recruiting Corporation, na kumweka bwana mmoja aitwaye Henry Taberer. Huyu aliwahi pia kuichezea Afrika Kusini kriketi. Kampuni yake taratibu ikawaondoa wale waandikishaji huru na kuweka ofisi zake, wafanyakazi wake na utaratibu mmoja. Watu wakaipa kampuni jina lake: Teba. "Nakwenda Kwa Teba." Mwaka 1977 Wenela na kampuni hiyo ziliunganishwa, jina rasmi likawa TEBA.

Matokeo? Ofisini mambo yalinyooka. Mikataba iliandikwa, ulaghai wa wazi ukapungua, mtu aliweza kutuma fedha nyumbani kupitia ofisi hizo. Wazee wengi walilitaja jina la Teba bila chuki.

Lakini mteja alibaki yule yule. Kampuni zote mbili zilikuwa mali ya wenye migodi, na kazi yao ya msingi ilikuwa kuhakikisha migodi haigombanii watu kwa kupandisha mishahara. Mchumi Francis Wilson wa Afrika Kusini alifanya hesabu katika kitabu chake cha 1972. Akakuta kwamba mshahara wa mchimbaji mweusi mwaka 1969, ukiupima kwa vitu unavyoweza kununua, haukuzidi ule wa 1911. Miaka 58! Adabu ya ofisini iliongezeka, mkate haukuongezeka.

Nini kilibadilisha? Watu kukataa, na serikali kukataa kwa niaba ya watu wao. Tanganyika ilipopata uhuru ilifunga mlango wa Wenela. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya Wenela iliyokuwa inawarudisha wachimbaji Malawi ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Francistown, Botswana. Mafuta yake yalikuwa yamechanganyika na mafuta yasiyo yake. Kati ya watu 84, walikufa 78. Rais Banda akasimamisha uandikishaji, wakati ambapo Wamalawi zaidi ya laki moja walikuwa migodini. Dhahabu ilikuwa imepanda bei, watu wamepungua, na mishahara iliyolala miongo mitano ikaanza kupanda kwa kasi.

Kwetu kwenye mkonge, ni vyama vya wafanyakazi na migomo ya mwishoni mwa miaka ya 1950 iliyosukuma ujira juu. Mashamba yakawa na wafanyakazi waliotulia na familia zao, hayakuhitaji tena malori ya kutoka Kigoma. Katikati ya miaka ya 1960 Silabu ikafungwa. Wajukuu wa wale manamba wako Korogwe na Muheza mpaka leo, na wengine bado wanaona aibu kusema babu alikuja kwa njia gani. Msione aibu. Aibu ni ya aliyewaita namba.

Na mwisho wa Wenela haukuwa mwisho wa hesabu. Vumbi la mawe hukaa mapafuni miaka, huleta ugonjwa polepole na hufungulia mlango kifua kikuu. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu walioumia hivyo na familia za waliokufa, kupitia mfuko uitwao Tshiamiso. Ofisi za Teba zikawa miongoni mwa sehemu za kupeleka maombi. Mlango ule ule uliowapokea vijana wazima, ukawapokea wazee wakihema.

SEHEMU YA 7: SASA SISI

Miaka kadhaa nyuma, kwenye kituo ambacho sikitaji, niliwahi kupangwa kupima vijana wa wakala mmoja. Walikuja wasichana 12, saa nane mchana, na binti wa wakala akataka wote wawe na vyeti kabla ya saa kumi. Mmoja alikuwa na kikohozi cha wiki tatu. Nikamwambia huyu lazima tupime makohozi, cheti hakitoki leo. Yule binti hakunitukana. Alikaa kwenye benchi, akashika kichwa, akasema kwa sauti ndogo: "Sista, mwezi huu nimebakiza wawili tu kufikisha. Nisipofikisha hawaniongezei mkataba." Alikuwa na miaka kama 24. Na yeye mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu.

Makohozi yalipimwa. Cheti kilisubiri. Lakini sauti ya yule binti imenisaidia kuelewa meseji zenu kuliko vitabu vyote.

Basi jibu langu kwa yule aliyeuliza ni hili. Watu wengi wanaingia na utu wao. Kampuni haiwanyang'anyi kwa siku moja. Inawapa hesabu isiyo na nafasi ya utu, kisha inawaacha wachague kati ya hesabu na kazi yao. Historia inasema usitazame tabasamu la mapokezi wala maneno ya ukutani. Tazama mambo mawili: NANI ANALIPA, na ANALIPIA NINI. Kubadili la pili peke yake, kama Teba, kunasafisha ofisi. La kwanza lisipoguswa, aliyeandikishwa habadilikiwi na maisha.

Ndiyo maana sheria za sasa zinagusa hayo hayo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi asimtoze mtafuta kazi ada, isipokuwa kwa mianya michache. Hapa kwetu tuna sheria ya huduma za ajira ya 1999, tulipata TaESA mwaka 2008, na tuna kanuni za 2014 zilizowakataza mawakala kujifanya waajiri wa watu waliowaunganisha na kazi za wengine. Kwa sisi wa afya, WHO ilitoa mwongozo mwaka 2010 kuhusu nchi tajiri kuchukua wauguzi na madaktari wa nchi maskini. Karatasi zipo. Kazi ni kuzisoma kwa sauti mbele ya anayekuhesabu.

Kwa hiyo ukienda kwa wakala, muulize bila woga: Wewe unalipwa na nani? Unalipwa nikisafiri au nikimaliza miezi sita salama? Nikiugua huko, simu yangu inapokelewa na nani? Mkataba nautunza mimi au wewe?

Na wewe unayefanya kazi ndani, sikuambii uache kazi kesho, najua kodi ya nyumba haisubiri. Anza na dogo. Kwenye daftari lako la mwezi, pembeni ya idadi ya waliosafiri, ongeza safu ya waliopiga simu kusema wako salama. Ipeleke kwenye kikao cha asubuhi. Bosi akiuliza ya nini, mwambie hizi ndizo hesabu ambazo Silabu na Wenela hawakuziweka mezani. Ninyi mlioko watano ofisi moja, ipelekeni watano kwa pamoja, maana mmoja anafukuzwa kirahisi.

Kwa wenzangu wa maabara na wodi: cheti cha afya ni cha aliyepimwa. Mweleze yeye majibu yake kwanza, kwa lugha anayoielewa, kabla hujamkabidhi mtu mwingine karatasi.

Nimemaliza uzi. Kama babu au baba yako alikwenda mkonge au Wenela, andika hapo chini jina lake, kijiji alichotoka na shamba au mgodi aliokwenda, kama unaujua. Majina tafadhali. Namba wameshaandikiwa za kutosha.